Siku nne Roskilde, na viatu vyangu vyote viwili nimerudi navyo

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga wa umati. Miaka kadhaa nyuma, kwenye shoo moja ya uwanjani huko nyumbani Dar, geti lilikuwa moja, watu maelfu, na mabaunsa wameshika fimbo. Nilibebwa juu juu, miguu haigusi chini, hadi nikajikuta ndani na kiatu kimoja. Tangu hapo muziki nausikilizia chumbani.

Kwa hiyo shoga yangu wa Mombasa, ninayeishi naye Copenhagen, aliponiambia twende Roskilde, tamasha kubwa la muziki hapa Denmark, sikuuliza nani anaimba. Niliuliza tutatokea wapi. Akacheka: "Twende tu shoga, hawa yaliwakuta."

Kweli yaliwakuta. Tarehe 30 Juni 2000, bendi ya roki ya Marekani, Pearl Jam, ikiwa jukwaani, watu walisukumana kwenda mbele kwenye tope la mvua, wakaangukiana, vijana 9 wakafa kwa kukosa pumzi. Hakukuwa na moto wala ugomvi, ni uzito wa watu tu. Uwanjani pana jiwe la kumbukumbu na miti 9 imelizunguka. Nilipita hapo asubuhi, shoga yangu ambaye hanyamazi alinyamaza.

Kufika ni rahisi, treni kama nusu saa. Ukijumlisha na wanaojitolea, watu wanafika kama 130,000, mji mzima wa mahema. Ila mbele ya jukwaa kuu, linaloitwa Orange, huendi kwa ubavu wako. Pamegawanywa kwa vyuma, kila sehemu na idadi yake. Unapanga foleni, mnaingizwa hadi idadi itimie, geti linafungwa. Shoo ikiisha mnatoka wote, foleni inaanza upya.

Tulisimama saa moja na nusu juani, nikiwalaani kimoyomoyo. Tulipoingia nikanyoosha mikono yote miwili. Sikumgusa mtu! Na bado nilikuwa karibu kiasi cha kuona jasho la mpiga ngoma.

Nilichokitazama kuliko hata wanamuziki ni kijana mmoja mwenye fulana ya kazi, ng'ambo ya chuma. Shoo nzima alilipa jukwaa mgongo, akipitisha macho kwenye nyuso zetu moja moja huku akigawa vikombe vya maji. Binti mmoja pembeni yangu alianza kulegea, midomo imepauka. Kabla sijajua nimwite nani, yule kijana alishamnyooshea kidole, wenzake wawili wakamshika kwapani wakamvusha juu ya chuma. Wimbo ulikuwa haujaisha.

Makosa ni yangu mwenyewe. Nilivaa kandambili, na simu ikazima usiku wa pili, nikamtafuta shoga yangu zaidi ya saa moja kati ya mahema yanayofanana kama mayai. Kubalianeni mapema mahali pa kukutana mkipotezana, na mbebe viziba masikio, maana majirani wa hema hawalali.

Tiketi ya siku zote inazidi krona 2,000. Kwa mwanafunzi hiyo ni kodi ya chumba inayotembea. Njia nyingine ni kujitolea: unafanya kazi kama saa 32, unaingia bure. Mwakani ndivyo nitakavyofanya, na nimeshamwambia shoga yangu nikipangiwa zamu ya maji pale mbele, asiniulize shoo ilikuwaje.