Keria juu ya kebini ya pikapu: nani aiweke, nani aiache

Kazi yangu ni kufunga mabomba ya maji na mifereji ya paa, na gari langu ni pikapu ya dabo kebini. Bodi yake ina urefu wa mita 1.5 tu. Bomba la plastiki linatoka dukani likiwa na mita 6. Ndiyo maana mtu akiniuliza kama aweke keria juu ya pikapu yake, namuuliza kwanza anabeba nini. Mwenye gari dogo hana pengine pa kuweka mzigo ukizidi buti. Wewe una bodi nzima nyuma yako, imetengenezwa kwa ajili hiyo, na pikapu nyingi za aina hii hubeba karibu tani moja. Kitu kinachoenea kwenye bodi hakina sababu ya kupandishwa juu ya vichwa vya abiria.

Mabomba hayaenei. Bila keria unayalaza mshazari: mwisho mmoja unakaa kwenye mlango wa nyuma, mwingine unaegemea ukingo wa paa la kebini, na katikati unasukumia gunia ili rangi isichubuke. Paa la kebini ni bati jembamba lililowekwa kuzuia mvua na jua, si kuegemewa. Mzigo ukidunda kwenye shimo, bati linabonyea. Tena ncha za mbele zinakuwa zimeinuka juu, upepo unaingia chini yake na kuzipiga zikatikisike njia nzima. Mifereji ya alumini ndiyo inayoumia zaidi, inafika kazini imepinda na haiungiki tena vizuri. Kwa mzigo wa namna hiyo keria ni haki yake kabisa.

Nimefanya kazi na keria za aina tatu. Kuna ile ya chuma yenye kingo pande zote, inayofunika paa zima. Kuna jukwaa bapa la alumini, zuri kwa sura, lenye mifereji midogo ambayo unatelezesha bolti na kuzikaza popote upendapo. Na kuna mihimili miwili mitupu, mmoja mbele na mmoja nyuma, kila mmoja na miguu yake miwili. Ya chuma inapendwa kwa sababu inalipa gari sura ya safari, na sina ugomvi na sura. Ugomvi wangu ni uzito.

Fungua kitabu cha gari, tafuta ukurasa unaotaja mzigo wa paa. Kwa pikapu nyingi za dabo kebini utakuta kati ya kilo 75 na 100, na nyingine chini ya hapo. Uzito wa keria yenyewe umo ndani ya hesabu hiyo. Chukua paa la kilo 75, funga keria ya chuma ya kilo 35: umebakiwa na kilo 40. Dumu la maji la lita 20 ni kilo 20 bila kuhesabu dumu lenyewe. Ukiweka na tairi la akiba, umemaliza, na bado hujapandisha kamba. Halafu kikomo hicho ni cha barabara nzuri. Wako watengenezaji wa keria wanaokuagiza ugawe kwa 1.5 ukiingia njia mbovu, maana kila mdundo unaugonga mzigo chini kwa nguvu kuliko uzito wake ulioupima kwenye mizani. Kilo 75 zinakuwa 50. Toa 35 za keria, zinabaki 15. Mtu aliyefunga keria nzito ili aende porini amejinunulia nafasi ya kubeba mablanketi. Jukwaa la alumini linasaidia kiasi, ila mihimili miwili ndiyo inayoliachia paa uwezo wake mwingi ubaki kwa ajili ya mzigo. Mimi nilichagua mihimili.

Wanaotaka hema la juu, lile la kulala linalofungwa juu ya paa, huuliza inakuwaje paa la kilo 75 lilaliwe na watu wawili. Kikomo cha gari linapotembea na kikomo cha gari lililosimama ni vitu viwili. Likiwa limesimama, hakuna breki, hakuna kona, hakuna mashimo, kwa hiyo linavumilia uzito mkubwa zaidi. Lakini hema lenyewe likiwa limekunjwa, pamoja na keria, lazima liingie ndani ya kile kikomo kidogo cha safari. Mahema mengi hufika kilo 50 au 60. Piga hesabu hiyo kabla hujamlipa mtu.

Sasa miguu, ambayo naiona ni muhimu kuliko keria yenyewe. Pikapu za zamani zina mfereji wa maji pembeni mwa paa, na Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984, ni mfano mzuri: mguu unauma ukingo wa mfereji, unakaza, umemaliza, na kushika kunashika. Pikapu nyingi za sasa hazina mfereji wa namna hiyo. Baadhi zina matundu ya kiwandani yaliyofichwa chini ya utepe wa plastiki juu ya paa. Ukiyakuta hayo, shukuru, ndiyo njia bora. Zilizobaki zinatumia vibano vinavyoingia kwenye fremu ya mlango. Vyangu ni vya aina hiyo. Vinashika vizuri, sharti usafi. Vumbi likiingia kati ya raba na rangi, mtetemo wa gari unaligeuza msasa, na utakuja kukuta alama ya kijivu penye kila mguu, rangi imekwisha na bati linaanza kuota kutu. Nikifunga, nafuta kwanza kwa kitambaa kibichi, nakausha, nabandika kipande cha plastiki ngumu ya kulinda rangi, ndipo naweka mguu. Bolti nazikaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye karatasi ya keria. Baada ya safari ya kwanza nazirudia, na mara nyingi nakuta moja imelegea kidogo.

Kuna fundi aliyejitolea kunitobolea paa kwa drili, "mara moja tu, bosi". Nilimkatalia. Magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa ya pembeni iliyokunjwa ndani ya ukingo wa paa, juu ya milango, na yeye hakuuliza hata kidogo kama langu linayo. Hata pasipo na mifuko hiyo, tundu lililotobolewa bila kupakwa dawa ya kutu na kuzibwa vizuri linaanza kuvuja polepole ndani ya kitambaa cha dari, mahali usipopaona. Fundi anayeshika drili kabla ya kuuliza umri na aina ya gari, mwache aende.

Kitu cha pili ambacho wenye pikapu wanapaswa kukiona kwa macho yao ni pengo kati ya kebini na bodi. Simama pembeni, mwambie mwenzako apandishe gurudumu moja la nyuma kwenye tuta au jiwe, taratibu, huku ukiangalia hilo pengo. Utaona juu linafunguka na kubana. Kebini na bodi ni vitu viwili tofauti vilivyofungwa juu ya chesisi moja, na chesisi inajinyonga. Ndivyo ilivyokusudiwa iwe. Kwa hiyo yule anayechomelea fremu moja ndefu ya chuma, miguu miwili kwenye kebini na miwili kwenye bodi, anaunganisha vitu visivyotaka kuunganishwa. Kitakachokubali kushindwa ni kile dhaifu zaidi: weldi inapasuka, au bati la paa linachanika penye mguu.

Kwangu mabomba yanakaa juu ya sehemu mbili zisizoshikana: mhimili wa kebini mbele, na fremu fupi iliyofungwa kwenye bodi, nyuma kabisa juu ya mlango, imelingana kimo na ule mhimili. Kati yake kuna karibu mita 3, na bomba la mita 6 linatulia. Nakaza sana mkanda wa nyuma, kwa kuwa bodi ndiyo yenye kustahimili, na wa mbele nakaza kiasi cha kuzuia mabomba yasiruke, yakibaki na uwezo wa kuteleza kidogo. Kisha ncha za mbele nazivuta kwa kamba hadi kwenye kitanzi cha kuvutia gari, chini ya bampa. Kamba hiyo isirukwe. Breki ya ghafla inafanya mzigo utake kuendelea na safari peke yake, na upepo nao unatafuta kuunyanyua. Mikanda miwili ya juu peke yake haitoshi.

Mafuta: utalipa, ubebe usibebe. Upinzani wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo, hivyo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 110 unakaribia kuwa maradufu. Tovuti ya serikali ya Marekani inayohusu matumizi ya mafuta, fueleconomy.gov, inasema sanduku kubwa la juu ya paa hupunguza umbali unaokwenda kwa lita moja kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na 6 hadi 17 barabara kuu. Mihimili mitupu haifiki huko, lakini ile keria ya chuma yenye kingo, tena ikiwa na taa mbele, ni ukuta unaousukuma kila siku hata ukiwa unakwenda kununua mkate.

Kelele niseme kwa kifupi. Mhimili wa duara unapiga mluzi. Wenye umbo la bawa hausikiki sana. Kama wako ni wa duara, uzungushie kamba nyembamba kwa kuizongesha toka mwanzo hadi mwisho, upepo unakatikakatika na mluzi unakufa. Ule wa alumini wenye mfereji juu, hakikisha utepe wake wa raba umeujaza mfereji wote.

Hukumu yangu basi. Mwenye ngazi, mabomba, mbao ndefu na nyepesi: weka mihimili, na fremu ya nyuma, hutajuta. Anayetaka nafasi zaidi ya mabegi, maboksi na madumu: nunua kifuniko cha bodi au fremu inayokaa juu ya bodi, maana hapo uzito unashuka moja kwa moja kwenye chesisi na unakaa chini, gari haliyumbi kwenye kona. Mwenye hema, fremu ya bodi pia inamfaa kuliko paa, kama kipimo cha bodi kinatosha kulilaza. Anayetaka sura tu, gari ni lake, ila achague ya alumini na aache taa za mbele.

Na wote, pimeni kimo kipya cha gari kutoka chini hadi juu ya mzigo, muandike kwenye kipande cha karatasi na kukibandika karibu na usukani. Maegesho ya chini ya majengo mara nyingi yana kikomo cha karibu mita 2, na pikapu iliyoinuliwa kidogo, ikiwa na keria, haipiti. Mimi yangu naivua wiki isiyo na kazi ya mabomba: miguu minne, spana moja, mihimili inaingia nyuma ya kiti.