Skraba ya mwani kwenye tangi la matumbawe la lita 300: uzoefu wangu baada ya miezi 9

Skraba hii naipa nyota 4 kati ya 5. Inafanya kazi, ila si kwa haraka inayoahidiwa kwenye boksi. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya wavu wake na karatasi ya maelekezo, na nitaeleza kwa nini.

Kwa asiyeifahamu: ni sanduku la akriliki linalokaa juu ya sampu, yaani tangi dogo la kuchujia lililo chini ya tangi kuu. Pampu inapandisha maji hadi kwenye bomba la PVC lililokatwa mpasuo mwembamba upande wa chini, na maji yanashuka kupitia mpasuo huo yakiufunika wavu wa plastiki pande zote mbili. Kila upande una taa ya LED nyekundu ya nanomita 660. Mwani unaota kwenye wavu badala ya kwenye mawe, unakula nitreti na fosfeti (virutubisho vinavyotokana na chakula na kinyesi cha samaki), nawe unauvuna na kuutupa. Yaani dawa ya mwani ni mwani wenyewe. Wazo hili si la jana: Walter Adey wa Smithsonian alipewa hataza yake Marekani mwaka 1982.

Ukubwa ndipo wengi wanapojikwaa. Muuzaji atakuuliza tangi lako ni la lita ngapi, wakati swali lenye maana ni unalisha kiasi gani. Hesabu inayofaa ni sentimita za mraba 77 hivi za wavu, zenye mwanga pande zote mbili, kwa kila kipande kimoja cha chakula kilichogandishwa kwa siku. Mimi nalisha vipande 2, hivyo wavu wa sm 10 kwa 15 unanitosha. Kuhusu maji, kila sentimita ya upana wa wavu inataka lita 50 kwa saa, kwa hiyo wavu wa sm 10 unahitaji lita 500 zinazofika kweli juu. Pampu iliyoandikwa lita 1,000 ndiyo inayofaa hapo, kwa kuwa kupandisha maji nusu mita na kona mbili za bomba kunaila nguvu yake. Usiamini maandishi, weka jagi la lita 1 chini ya bomba na uhesabu sekunde. Likijaa ndani ya sekunde 7, uko sawa.

Sasa lawama ya kwanza. Wavu uliokuja na skraba ni laini kama kitana kipya. Mwani ulishika vizuri juu juu, kisha wiki ya tatu ukabanduka wote kwa mkupuo mmoja, ukaingia kwenye sampu na kuziba mlango wa pampu ya kurudishia maji. Wavu unatakiwa usuguliwe pande zote mbili kwa meno ya msumeno wa kutobolea matundu mpaka ukiushika unakukwaruza vidole. Kazi ya nusu saa, na kiwanda kingeweza kabisa kuifanya. Nilipousugua, mizizi ilishika na tatizo hilo halijarudi.

Lawama ya pili: karatasi inasema uwashe taa saa 18 kwa siku tangu siku ya kwanza. Hapana. Wavu mtupu ukipigwa mwanga mkali, kinachoota ni utando wa njano unaonata kama mpira, usiofyonza chochote cha maana. Anza na saa 9, kaa hapo mpaka kijani kiufunike wavu wote, ndipo uongeze saa 2 kila wiki. Rangi ya mavuno inakuambia hali ya maji kuliko unavyodhani. Njano maana yake mwanga umezidi chakula. Nyeusi au kahawia iliyoiva maana yake chakula kimezidi mwanga, ongeza saa au vuna mapema. Kijani cha nyasi zenye nyuzi ndiyo unayoitafuta. Taa hizi naziwasha usiku, taa za tangi zikizimika. Mwani unaokula kaboni dioksidi usiku unazuia pH isiporomoke. Zamani ilikuwa inashuka hadi 7.9 alfajiri, sasa inasimama 8.05.

Kuvuna ni kila siku 7 hadi 10, hata kama mwani hauonekani mwingi. Ukiuacha unakuwa mnene, tabaka la ndani linakosa mwanga, linakufa na kurudisha majini kila ulichokuwa umekitoa. Zima pampu, chomoa wavu, upeleke kwenye sinki, kwangua kwa kadi ngumu ya plastiki, kisha suuza kwa maji baridi ya bomba kuua wadudu wadogo wanaotafuna mizizi. Usiung'arishe; acha kijani kama ndevu za siku mbili. Hapo hapo pitisha kadi kwenye mpasuo wa bomba, maana mwanga ukipenya mle mwani huota ndani, maji yanagawanyika na unapata mistari mikavu kwenye wavu. Mavuno nayakamua kwa mkono na kuyapima kwenye mzani wa jikoni: gramu 60 hadi 90 mbichi kwa wiki. Uzito ukishuka wiki mbili mfululizo, kuna kitu, na mara nyingi ni pampu iliyojaa chokaa.

Matokeo. Nilianza na nitreti miligramu 30 kwa lita na fosfeti 0.25, mawe yakiwa na nywele za mwani wa kijani ndefu kama kidole. Nitreti ilifika 5 ndani ya wiki 7. Fosfeti ndiyo iliyotaka subira, kwa sababu mawe ni kibubu: yalikuwa yameweka akiba kwa muda mrefu, na kila fosfeti ya majini ilipopungua yaliachia nyingine. Kipimo kilikwama 0.12 wiki baada ya wiki ilhali mavuno yalikuwa mazuri. Hapo ndipo watu huichomoa skraba na kusema haifai. Ilifika 0.06 wiki ya 14, na nywele za mawe zikaanza kupauka na kukatika zenyewe. (Kama kipima chako kinasoma fosforasi kwa ppb (sehemu kwa bilioni), zidisha kwa 3.066 kisha gawa kwa 1,000; 20 kwenye kioo ni 0.06 ya fosfeti. Wengi hawazidishi, wanajidanganya.)

Na kipimo cha sifuri kwenye tangi lililojaa nywele si habari njema. Mwani umeshakula kabla hujapima.

Nililinganisha na punje za oksidi ya chuma zinazofyonza fosfeti. Zile zina kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo hatari yake: fosfeti ikishuka ghafla, matumbawe magumu kama Acropora yanapauka na kuvuliwa ngozi kuanzia chini. Ukizitumia, suuza mpaka maji yasiwe na wekundu, anza na nusu ya kipimo cha paketi, na usiziendeshe pamoja na skraba changa; zinaunyang'anya mwani chakula nao hauoti. Punje pia hazigusi nitreti, skraba inagusa vyote viwili.

Tatizo lenyewe la skraba linakuja ikishafanikiwa. Mwezi wa 6 nitreti ilifika sifuri huku fosfeti ikiwa 0.04. Mwani unahitaji vyote viwili, ukikosa kimoja unasimama, na mchanga ukaanza kupata ute wa kahawia wenye vipovu: dinoflajeleti, viumbe wadogo wa seli moja. Hao hustawi penye maji yaliyokamuliwa kupita kiasi. Punguza saa za taa ya skraba kwa nusu, ongeza chakula, rudisha nitreti kwenye 5 na fosfeti juu ya 0.05, na usibadilishe maji kwa muda huo. Taa ya UV husaidia kwa aina zinazoelea usiku. Ndiyo maana napima kila wiki hata sasa. Shabaha yangu ni nitreti 3 hadi 8 na fosfeti 0.04 hadi 0.08, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi, hupimwa kwa dKH) ikitulia kwenye 8 hadi 8.5 dKH. Alkalini ya 11 kwenye maji yenye chakula kidogo huunguza ncha za matumbawe, kwa hiyo chagua chumvi yako kwa kuangalia hilo.

Usiinunue kwa matarajio yasiyo yake. Utando mwekundu unaobanduka kama shuka ni sianobakteria, yaani bakteria. Dawa yake ni mkondo wa maji na mchanga uliofyonzwa uchafu. Bryopsis, mwani ule wenye umbo la unyoya wa ndege, skraba haiushindi. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya ni diatomu (mwani mdogo wa seli moja) na linatokana na silika, mara nyingi kutoka kwenye maji ya kujazia. Kichujio cha RO/DI (kinachosafisha maji ya kujazia kwa utando na resini) kikisoma TDS, yaani kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini, 2 badala ya 0, badilisha resini kwanza kabla hujanunua kifaa chochote, maana silika ni miongoni mwa vya kwanza kupenya resini inapochoka. Na skraba haing'oi nywele zilizopo. Hizo ng'oa kwa mkono huku mpira wa kufyonza ukiwa karibu, kisha waachie konokono wa Trochus mabaki mafupi. Trochus hujigeuza akipinduka, Astraea hawezi, anafia mgongoni. Samaki tasi naye ni mlaji hodari, ila miiba yake ina sumu; tumia chombo, si mkono, unapomhamisha.

Usalama: matone ya chumvi yanarukia taa. Waya wa taa ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone lidondoke sakafuni lisifuate waya, na weka swichi inayokata umeme unapovuja. Futa kioo cha taa kila unapovuna, chumvi iliyoganda inapunguza mwanga kimya kimya. Maji yakianza kuwa na unjano, kaboni amilifu (mkaa wa kuchujia) gramu 100 kwenye mfuko, ibadilishwe kila baada ya wiki 4, inatosha.

Kiwanda kikisugua wavu na kuongeza mfuniko wa kuzuia mwanga juu ya mpasuo, nitarudisha ile nyota. Kwa sasa mfuniko nimeukata mwenyewe kwenye bomba la PVC la milimita 32, nikalichana kwa urefu na kulivalisha juu ya lile la 25. Mpasuo haujaziba tangu hapo.