Kabla ya kununua barakoa ya CPAP, uliza hewa inatokea wapi

Barakoa yangu ya kwanza ya CPAP, yaani mashine inayomsukumia hewa mtu ambaye pumzi hukatika akiwa usingizini, niliinunua kwa shilingi 380,000 katika duka moja la vifaa tiba hapa Mwanza, na usiku wa kwanza kabisa ilipeperusha chandarua hadi alfajiri. Matundu yake ya kutolea hewa yalikuwa kwenye kiwiko, pale mpira wa hewa utokao kwenye mashine unapoungana na barakoa, na yote yalitazama mbele. Nilipolala ubavu wa kulia, hewa ilipiga chandarua moja kwa moja, nacho kikajaa kama tanga la mtumbwi, kisha kikarudi kunigusa shavuni, na kila kiliporudi kulikuwa na mbu aliyekishikilia upande wa pili. Nilipogeukia kushoto, hewa ile ile ilimpiga mume wangu shingoni. Usiku wa tatu alihamishia mto wake miguuni pa kitanda, na asubuhi yake nikairudisha barakoa dukani.

Muuzaji hakukubali kuipokea. Aliyatazama matundu, akavuta droo, akatoa plasta nyeupe, akaniambia, "Mama, bandika hapa, upepo utakoma." Ushauri ule ulikuwa wa hatari, na ninaamini sikuwa mteja wa kwanza kuupewa. Mashine ya CPAP husukuma hewa upande mmoja tu, kutoka kwenye mashine kuja puani; hakuna mpira wa pili wa kurudisha pumzi unayoitoa. Pumzi hiyo, pamoja na hewa ya kaboni iliyomo, hutokea kwenye matundu yale yale niliyoambiwa niyazibe, na anayeyaziba huanza kuvuta tena hewa chafu aliyokwisha kuitoa. Hata kuyafunika kwa kanga au kwa ukingo wa shuka, kama wanavyofanya wengi wanaposikia baridi, ni kosa lile lile.

Upepo huo, basi, hauwezi kuondolewa, wala mtu asikudanganye kwamba ipo barakoa isiyotoa hewa. Mtu mzima aliyepumzika huvuta na kutoa takribani lita 6 hadi 8 za hewa kwa dakika, lakini matundu ya barakoa, mashine ikiwa kwenye msukumo wa sentimita 10 za maji (ndicho kipimo cha msukumo kwenye mashine hizi), hupitisha lita 30 au zaidi kidogo kwa dakika, na kadiri msukumo unavyopanda kuelekea 20 ndivyo upepo unavyoongezeka. Barakoa hutofautiana katika namna ya kuitoa hewa hiyo. Ipo inayoirusha kama maji ya bomba lililozibwa nusu kwa kidole, na ipo inayoitawanya hadi usihisi kitu ukiweka mkono shubiri moja kutoka usoni. Kwetu sisi tunaolala ndani ya chandarua, mara nyingi wawili kitandani na pengine mtoto katikati, tofauti hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza. Habari za ulaini wa silikoni na wepesi wa mikanda muuzaji atakueleza mwenyewe bila kuulizwa, kwa hiyo sitazirudia.

Namna ya kupima ni rahisi na haihitaji fundi. Omba barakoa iunganishwe na mashine, iwashwe kwenye msukumo ulioandikiwa na daktari wako, kisha ivae na ulale ubavu, si kukaa kwenye kiti. Lowesha mgongo wa mkono wako kwa maji kidogo na uuzungushe polepole mbele ya uso, kwa umbali wa sentimita 20 hivi. Mahali utakapohisi ubaridi mkali ndipo hewa inapokwenda, na ndipo chandarua au shingo ya mwenzako itakapokuwa. Baada ya hapo shika karatasi laini ya chooni kwa pembe moja na uipitishe njia ile ile. Ikitikisika kidogo, barakoa hiyo inafaa. Ikisimama wima kama bendera, irudishe. Sikiliza pia sauti, kwa maana matundu yanayorusha hewa kwa nguvu ndiyo yanayopiga mluzi. Muuzaji atakayekataa kipimo hiki kwa kisingizio cha usafi, mwambie kuna silikoni za kujaribia na kuna sabuni. Akikataa tena, ondoka.

Chaguo langu la kwanza, na silifichi, ni AirFit P10 ya kampuni ya ResMed. Hii haifuniki pua. Ina vijimto viwili vidogo vya silikoni vinavyokaa kwenye mlango wa kila tundu la pua, na badala ya matundu ya kawaida, mbele yake kuna vipande viwili vya wavu mwembamba sana uliofumwa. Hewa ikipita kwenye wavu ule husambaa pande nyingi na kupoteza nguvu kabla haijafika mbali. Niliiagiza kupitia kwa mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam, na usiku wa kwanza nilinyoosha mkono gizani kukipapasa chandarua, nikakikuta kimetulia kabisa. Mume wangu amerudisha mto wake mahali pake. Tangu hapo nimekuwa mtu wa ResMed, na yeyote akiniuliza ninamjibu hivyo hivyo.

Ina kasoro mbili ambazo ni lazima uzijue. Mkanda wake wa kichwani hulegea baada ya miezi kadhaa, na ukilegea hewa huvuja pembeni ya vijimto kwa kishindo kuliko hata ile ya matundu, kwa hiyo weka akiba ya kununua mkanda mwingine. Kasoro ya pili inatuhusu zaidi sisi wa kando ya ziwa. Wavu ule ukilowa hutoa sauti ya kukwaruza, kama mtu anayefyonza maji kwa meno, na huweza kurusha matone madogo usoni. Maji hayo hutoka kwenye mpira: hewa yenye mvuke ikipita katika mpira uliopozwa na ubaridi wa usiku, mvuke hugeuka kuwa matone. Mwezi wa saba, upepo wa ziwa unapoingia dirishani Bwiru au Capri Point, utalisikia hilo kila siku. Dawa yake ni kupunguza kiwango cha mvuke kwenye mashine, kuweka mashine chini kuliko kichwa ili maji yarudi yalikotoka, na kuuvisha mpira nguo. Mimi nilimpelekea fundi cherehani kipande cha kitenge chakavu, akanishonea mfuko mrefu mwembamba, na matone yakakoma. Wavu wenyewe uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, bila kuusugua kwa brashi ngumu na bila jiki, kwa sababu vumbi na mafuta ya ngozi vikijaa humo ni sawa na kubandika ile plasta.

Ya pili ni Brevida ya Fisher & Paykel, kampuni ya Nyuzilandi. Nayo ni ya vijimto vya puani, na mbele ya matundu yake kuna kipande kidogo cha kutawanya hewa ambacho hutolewa, kikaoshwa na kurudishwa. Ninaipenda kwa sababu mikanda yake inashika vizuri kuliko ya P10, na anayejigeuza sana usiku huenda akaipenda zaidi. Niliiweka nyuma kwa sababu kipande hicho ni kidogo na chepesi kupotea, na sijaona duka hata moja hapa mjini linalokiuza peke yake.

Anayelala mdomo wazi vijimto vya puani havitamfaa, kwa sababu hewa itaingia puani na kutokea kinywani, naye ataamka koo likiwa limekauka. Huyo atahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo, na ninampa AirFit F20, ya ResMed tena, lakini kwa sharti moja: iwe na kiwiko kiitwacho QuietAir. Barakoa hiyo hiyo huuzwa pia ikiwa na kiwiko cha kawaida, na kwa macho mtu asiyejua hawezi kutofautisha, ila usiku chandarua kitamweleza. Tazama pia sumaku zilizomo kwenye vishikizo vya mikanda yake. Kwa mwenye betri ya moyo au chuma fulani mwilini, au anayelala karibu na mtu wa namna hiyo, watengenezaji wanaonya kwamba sumaku hizo zisikae chini ya sentimita 15 kutoka kwenye kifaa kilichomo mwilini. Onyo hilo lilitolewa na Philips mwaka 2022 na ResMed mwaka 2023, na sijawahi kumsikia muuzaji wa hapa akilitaja.

Kwenye barakoa za namna hii kuna jambo la umeme pia. Umeme ukikatika usiku na mashine ikazima, mwenye vijimto vya puani atafungua mdomo na kupumua, lakini aliyefunikwa pua na mdomo anategemea kilango kidogo kwenye kiwiko, ambacho hufunguka chenyewe msukumo unapokoma ili kuingiza hewa ya chumbani. Kilango hicho si yale matundu ya kutolea hewa, ingawa wauzaji huvichanganya. Mwombe azime mashine ukiwa umeivaa barakoa, uhakikishe unavuta hewa bila taabu.

Ya nne ni DreamWear ya Philips, ambayo mpira wake unaungana juu ya utosi na hewa kushuka kupitia fremu iliyo wazi ndani, pande zote mbili za uso. Kwa chandarua kinachoning'inizwa darini mpangilio huo ni mzuri, kwa sababu mpira haukuburuzi wala haukivuti chandarua unapojigeuza. Hata hivyo matundu yako mbele, chini ya pua, na wenye msukumo mkubwa wataihisi hewa ikishuka kifuani. Wenye msukumo mdogo waijaribu.

Barakoa za bei ya chini zisizo na jina la mtengenezaji, zinazouzwa kwa shilingi 90,000 hadi 150,000, nimeshika tatu. Zote zilikuwa na matundu makubwa machache yaliyotobolewa kwenye plastiki, na zote zilisimamisha karatasi wima. Sina zaidi ya kusema juu yake.

Ninalo la kusema juu ya bei, kwa maana limenikera muda mrefu. Nilipoulizia P10 katika maduka ya Mwanza kabla ya kumtuma mpwa wangu, duka moja lilinitajia bei kwa dola, na nilipouliza ni shilingi ngapi, kijana alinipigia hesabu kwa kiwango cha kubadilishia fedha alichokitunga hapo hapo, kikubwa kuliko cha benki yoyote. Kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa zinazouzwa hapa nchini kuwekewa bei kwa fedha za kigeni, na mgonjwa ana haki ya kulikumbusha duka jambo hilo bila kuonekana mkorofi. Duka la pili lilinikasirisha zaidi. P10 hutoka kiwandani ikiwa na vijimto vya vipimo vitatu ndani ya kisanduku kimoja, kidogo, cha kati na kikubwa, ili mnunuzi ajaribu na kuchagua kinachomkaa. Duka lile lilikuwa limekwisha kukifungua kisanduku, likaacha kipimo cha kati tu, na vile viwili vingine vilikuwa kwenye kabati la kioo vikiuzwa kama vipuri, kila kimoja kwa bei yake. Nilikuta mzee mmoja aliyetoka Ukerewe kwa meli akilipia kijimto kidogo ambacho tayari kilikuwa mali yake. Nilimwambia, "Shikamoo baba, hicho kinakuja na barakoa." Muuzaji akaniomba nisiwaharibie biashara.

Ukishainunua na kufika nyumbani, fanya mambo mawili kabla ya kulala. Ikiwa umebadilisha aina ya barakoa, kwa mfano kutoka ya kufunika pua kwenda ya vijimto, ingia kwenye mipangilio ya mashine na uchague aina hiyo mpya, kwa maana mashine nyingi hupima uvujaji wa hewa kwa kufuata aina uliyoichagua. Kisha panga njia ya mpira. Usiupitishe ubavuni mwa kitanda, kwa sababu kila ukijigeuza utainua ukingo wa chandarua uliouchomeka chini ya godoro na kuacha uwazi wa mbu kuingia. Upitishe upande wa kichwani, katikati, uchomeke chandarua vizuri kulia na kushoto kwake, na uache urefu wa kutosha ndani ili kichwa kiweze kugeuka pande zote mbili. Kwenye kitanda chetu urefu huo ni mikono miwili kamili, na sehemu mpira unapoingilia nimeifunga kwa utepe wa kitenge kile kile.