Miaka mitatu na gari linalokula oili

Nililinunua nikijua. Nilishasikia kwamba injini za toleo hili, hasa za miaka ya mwanzo, zinakula oili, na nilipomuuliza muuzaji akacheka: "Halina shida, mimi huongeza kidogo tu." Hapo ndipo ningemuuliza hiyo "kidogo" ni kiasi gani na kila baada ya kilomita ngapi. Sikuuliza. Bodi lilikuwa safi, gia zinaingia laini, na moyo ulishaenda. Ndani ya buti nilikuta chupa mbili za oili na faneli, nikajisemea huyu bwana analitunza gari lake.

Kinachochanganya kwenye ugonjwa huu ni kwamba huoni dalili. Gari likilala, asubuhi chini pakavu. Sili nzima, gasketi nzima, moshi hauonekani. Oili inapotelea ndani. Kila pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ina ringi tatu: mbili za juu zinazuia msukumo wa moto usishuke, ya chini kazi yake ni kukwangua oili kwenye kuta za silinda na kuirudisha kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, kupitia vitundu vidogo. Vitundu vikiziba kwa masizi, ringi hiyo inaganda mahali pake, na oili inayobaki ukutani inaungua pamoja na petroli. Moshi wa bluu nao unamalizwa na katalisti, kile kisafisha moshi huko kwenye ekzosi, ambayo nayo inakufa taratibu kwa kazi isiyo yake.

Mara ya kwanza kushtuka nilikuwa nakata kona. Taa nyekundu ya oili ikawaka, nilipolinyoosha gari ikazima. Nikaegesha, nikafungua boneti, nikachomoa stiki ya kupimia oili, nikaifuta, nikairudisha, nikachomoa tena. Kavu mpaka ncha. Tangu siku hiyo siiamini ile taa. Inapima presha, haipimi kiasi, kwa hiyo ikiwaka ujue pampu imeshaanza kuvuta hewa.

Nikanunua daftari. Nilijaza oili hadi alama ya juu, nikawa napima asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa pale pale penye usawa. Kilomita 1,000 baadaye zilikuwa zimepotea mililita 700. Kitabu cha gari kinasema hadi lita 1 kwa kilomita 1,000 ni kawaida. Hebu tupige hesabu: ukimwaga oili na kuweka mpya kila kilomita 10,000, utakuwa umeongeza lita 10 kwenye injini inayobeba 4. Kawaida ya nani?

Fundi wa kwanza alipima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda, akanionyesha namba nzuri kwenye silinda zote nne, akasema injini nzima kabisa. Hakudanganya, ila alipima kitu kingine. Kompresheni inashikwa na ringi za juu. Ya chini inaweza kuwa imeganda kama imechomelewa na namba zikabaki nzuri vilevile. Alibadilisha ile vavu ndogo ya kupumulia injini, jambo ambalo ni sahihi kuanza nalo kwa sababu ni kazi ya dakika chache. Haikubadilisha kitu. Nikajaribu oili nzito zaidi: ulaji ulipungua kidogo, lakini injini ikawa inagonga kila asubuhi mpaka oili ifike juu. Nikairudisha ya mwanzo. Dawa ya chupa ya kumimina kwenye oili sitaizungumzia, haikufanya chochote.

Kilichonisaidia ni fundi wa pili. Alichomoa plagi zote, akazungusha injini kwa mkono mpaka pistoni zote zikawa usawa mmoja katikati, akamimina dawa ya kuyeyusha masizi ndani ya kila silinda, tukaiacha ilale. Plagi ya silinda ya tatu alinipa niishike: nyeusi, imelowa, inanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Kulipokucha, silinda tatu zilikuwa kavu, dawa imeshuka yote. Hiyo ya tatu dawa ilikuwa bado imesimama juu ya pistoni, karibu yote.

Hapa msimfanyie haraka fundi wenu. Kabla ya kurudisha plagi lazima apige stata zikiwa nje, dawa iliyobaki itoke, kwa sababu kimiminika hakibanwi na konrodi, mkono unaoshika pistoni, itapinda. Kisha oili imwagwe yote, maana imeshachanganyika na dawa. Wa kwangu alifanya yote mawili bila kuambiwa. Tulipowasha, moshi ulitoka mpaka nikaona aibu, halafu ukakata.

Tulirudia wiki iliyofuata. Ulaji ukashuka kutoka mililita 700 hadi 300. Sasa, mwaka mmoja na nusu baadaye, umepanda tena hadi 400, hata baada ya kuanza kumwaga oili kila kilomita 5,000. Nilishauliza gharama ya kushusha injini na kuweka pistoni zilizoboreshwa, zenye vitundu vingi zaidi. Ringi mpya kwenye pistoni zilezile za zamani naona ni kurudi palepale. Bei inakaribia thamani ya gari lenyewe. Nimeacha.

Gari lenyewe? Nalipenda. Injini ina nguvu, haichemshi, gia hazijawahi kunisumbua. Ningelinunua tena kwa bei ndogo kuliko niliyotoa. Kwa mtu asiye na tabia ya kufungua boneti, hapana, hata akipewa kwa nusu bei.

Napima oili kila baada ya kujaza tangi mara mbili. Leo asubuhi stiki imesoma nusu, kwenye buti kuna chupa mbili. Mtu akija kulinunua nitampa daftari. Faneli ni ileile niliyoikuta.