Mchanga laini wa silika kwa ajili ya lochi: nimeutumia mwaka na miezi miwili, haya ndo niliyoyaona

Wadau wa akwariamu nimekuja na ripoti ya huu mchanga mweupe wa silika, ule laini wenye punje za mviringo unaouzwa mfuko wa kilo 10. Kampuni siitaji, mchanga wa namna hii unauzwa na watu wengi na nilicho nacho cha kusema kinahusu punje zenyewe zaidi ya jina lililoandikwa kwenye mfuko. Tangi langu lina sentimita 80 kwa 35 na kimo cha 40, kama lita 110 hivi likijaa, ndani kuna samaki wa aina tatu, rasbora 12, tetra wadogo 10 na lochi wanane, wale wembamba kama mikunga wadogo wenye mikanda ya kahawia iliyokolea juu ya njano. Mchanga nilinunua kwa ajili ya hao wanane tu, rasbora na tetra wanaishi juu na katikati, huko chini hawashuki sana.

Kwa ambaye hajawahi kufuga, hawa lochi ni jenasi (kundi la samaki ndugu) ya Pangio, wengi tunawaita kuhli, jina limetoka kwa Heinrich Kuhl, Mjerumani aliyekwenda kisiwa cha Java, Indonesia, kukusanya wanyama akafia huko 1821 akiwa na miaka 23 tu. Afu wengi wanaouzwa kwa jina la Pangio kuhlii kumbe ni ndugu yake, Pangio semicincta, wa Rasi ya Malay, Sumatra na Borneo, kuhlii mwenyewe ni wa Java. Matunzo ni yale yale kwa hiyo usiumize kichwa. Cha kushika ni kwamba kwao wanaishi kwenye vijito vya taratibu na vinamasi vya msituni, maji laini yana asidi kidogo na rangi kama ya chai, chini kumejaa majani yaliyooza, matope na mchanga, na kazi yao usiku kucha ni kupenya humo ndani wakitafuta vijidudu. Samaki ameumbwa kwa ajili ya kupenya, sasa mimi nilimpa nini? Kokoto.

Kokoto zangu zilikuwa za milimita 5 hadi 8, nyingine zina ncha, na kwa miezi kama minne nilikuwa naamini kabisa lochi ni samaki wa kujificha na ndo tabia yake. Nilianza na sita na kuna wiki nzima nilikuwa sioni hata mmoja, nikimulika tochi usiku naona mkia unaingia nyuma ya filta (mashine ya kuchuja maji) basi. Siku nilipokuja kuwaangalia vizuri nilikuta sharubu zao (zile nyuzi za pale mdomoni) zimelika, za wawili zilikuwa zimebaki vishina. Mmoja mdomo ukavimba ukawa na weupe, akafa. Ile iliniuma sana kwa sababu hakufa kwa ugonjwa wa bahati mbaya, alikufa kwa sakafu niliyomwekea, na chakula chote kilichokuwa kinazama kilikuwa kinaingia katikati ya kokoto asipoweza kukifikia, kinaozea huko na naitreti (kemikali inayotokana na uchafu) inapanda kila nikipima.

Sasa mchanga wenyewe. Punje ziko chini ya milimita 1, ukizisugua kati ya vidole hazichomi, na hicho ndo kipimo changu cha kwanza, kama mchanga unakukwaruza wewe kidoleni basi sharubu za lochi hazitapona. Kipimo cha pili ni siki, weka mchanga kidogo kwenye kikombe mwagia siki, ukiona povu linachemka ujue una chokaa au vipande vya kombe, huo utapandisha pH (kipimo cha asidi ya maji) na ugumu wa maji, na hawa wanapenda pH ya kati ya 5.5 na 7. Huu wangu haukutoa povu hata kidogo. Hapo nimeuamini.

Kwenye mfuko wameandika umeshaoshwa. Jamani haujaoshwa. Ndoo ya kwanza maji yalikuwa kama maziwa, nikakoroga nikamwaga nikakoroga nikamwaga, mara tisa kwa kila robo ya mfuko ndo maji yakaanza kuonyesha mkono wangu, nilitumia jioni mbili kamili na mgongo uliuma. Nusu nyota nakata hapo hapo, kwa sababu mtu anayeanza akisoma yale maneno atamwaga moja kwa moja tangini na samaki watakaa kwenye vumbi siku kadhaa.

Kiasi: piga urefu mara upana mara kina unachotaka. Mimi 80 mara 35 mara 4 ni sentimita za ujazo 11,200, yaani lita 11 na kidogo, na lita moja ya mchanga mkavu ina kilo moja na nusu kupanda kidogo, kwa hiyo karibu kilo 18, nikanunua mifuko miwili. Sentimita 4 zinatosha kabisa, wao wanachimba juu juu tu, ukijaza sana chini kunakosa oksijeni na inatengenezwa gesi yenye harufu ya yai bovu.

Kubadilisha sikufanya siku moja. Kokoto za zamani zina bakteria wanaosafisha maji, ukizing'oa zote kwa mpigo unaweza kukuta amonia, sumu inayotokana na uchafu, imepanda, kwa hiyo nilitoa nusu ya kushoto, nikaweka mchanga, nikasubiri wiki mbili huku napima, afu nusu ya kulia. Wakati wa kumwaga zima filta, teremsha mchanga kwa jagi mpaka karibu na chini kabisa ndo uuachie taratibu. Sponji ya filta usiioshe wiki hiyo. Maji yalikuwa na ukungu siku moja tu, kesho yake jioni yako safi.

Na kama unataka kuwahamisha lochi kwa muda usitumie wavu wa kitambaa. Chini ya jicho wana mwiba mdogo wanaoufyatua wakiogopa, jina lao la zamani la kisayansi, Acanthophthalmus, maana yake ndo hiyo, jicho la mwiba, na ukinasa kwenye nyuzi utamuumiza kumtoa. Mimi nilitumia jagi la plastiki la kupenyeza taratibu, ilichukua muda lakini wote walitoka salama.

Usiku wa kwanza ule upande wa mchanga nilikaa chini mbele ya tangi taa imezimwa na katochi kenye mwanga mwekundu, na kwa kweli sitausahau. Mmoja alishuka akagusa mchanga kwa sharubu, akarudi nyuma, akagusa tena, afu akachomeka kichwa na mchanga ukaanza kutoka kwenye mashavu yake kama unga unaochekechwa, anameza konzi ndogo, anachuja chakula, punje zinatokea kwenye matamvua. Dakika kumi baadaye watano wote walikuwa upande ule. Hakuna hata mmoja aliyerudi kwenye kokoto usiku ule. Miezi minne nimeishi nao na sikuwahi kuwaona wakila kwa namna waliyoumbiwa kula, ndo kwanza naona.

Baada ya kama miezi miwili sharubu za waliolika zilikuwa zimerudi, mmoja tu ana upande mmoja mfupi mpaka leo. Niliongeza watatu wakafika wanane na hiyo pia imesaidia, chini ya watano sita wanakuwa na hofu, wakiwa kundi wanalala wamerundikana kama nyuzi za sufu chini ya gogo. Sa hizi kuanzia saa kumi jioni nawaona wazi wanazunguka. Kuna wakati mmoja anapanda juu kwa kasi anavuta hewa anashuka, wanaweza kupumua kwa utumbo na mara moja moja ni kawaida yao, wakifanya wote na kila saa hapo ndo upime maji.

Kasoro zipo. Kubwa ni filta. Punje ziliingia kwenye ile feni ndogo ya ndani ikaanza kukwaruza kwa sauti, nikaifungua nikakuta imeshapata michubuko. Pandisha mdomo wa kunyonyea angalau sentimita 10 juu ya mchanga na uufunike na sponji, na hiyo sponji uiweke hata kama huna mchanga, maana lochi anaingia tundu lolote analoweza kupitisha kichwa na mimi nimeshamkuta mmoja ndani ya filta akiwa hai kabisa. Mfuniko wa tangi nao uzibe matundu ya waya.

Rangi nyeupe sitairudia. Samaki hupauka juu ya sakafu nyeupe, ile mikanda inafifia na tetra nao wanakosa rangi, afu kila kinyesi kinaonekana kama doa. Ningeanza upya ningechukua wa kahawia. Nilichofanya ni kutandaza majani makavu ya mkungu upande mmoja, maji yakapata karangi ka chai na lochi ndo wamehamia huko, wanapita chini ya majani mchana kweupe. Uchafu wenyewe kwenye mchanga unabaki juu, haupotei kama kwenye kokoto, kwa hiyo unapitisha mpira wa kunyonyea maji sentimita moja juu yake unaubeba wote, mchanga unabaki.

Mimea yenye mizizi nayo haipati chakula kwenye silika, lazima uchomeke vidonge vya mbolea. Na pembeni ambako lochi hawafiki pakoroge kwa kijiti kila wiki mbili.

Nawapa neno na wanaonunua samaki wapya kwa ajili ya mchanga huu. Dukani kuna lochi mzuri sana wa rangi ya chungwa mwenye mikanda mitatu myeusi, atakuwa na sentimita 5 na utaambiwa ni mdogo. Huyo ni Chromobotia macracanthus, anafika sentimita 30, tangi kama langu halimfai hata kidogo. Na ukipata ugonjwa tangini soma chupa ya dawa kwanza, magamba ya lochi ni madogo mno na dawa zenye shaba zinawaumiza haraka.

Chakula naweka taa zikishazimwa, vidonge vya kuzama na mara mbili kwa wiki minyoo myekundu ya kugandishwa. Kuwategemea wale mabaki ya wenzao ni kuwanyima, mchanga uwe mzuri vipi.

Kwa jumla nyota 4 kati ya 5, nusu imekatwa kwa ule uongo wa kuoshwa na nusu kwa rangi. Nilibakiwa na kama kilo mbili, nimeziosha nikaziweka kwenye ndoo yenye mfuniko, na kila miezi michache naongeza konzi mbili tatu pale mbele ya gogo, wanapachimba sana mpaka kioo cha chini kinaonekana.