NMR ya mezani inayokubali asubuhi na kukataa mchana: uzoefu wangu hapa Kisumu

Wacha niseme mapema, mashine yenyewe ya NMR (inayotumia sumaku na mawimbi ya redio kuonyesha molekuli imeundwaje) naipenda na nikiulizwa leo nitasema inunuliwe, ila huduma ya waliotuuzia kwa haya makosa ya kuja na kuondoka imenikera sana na nataka kila mtu wa maabara huku kwetu, Kisumu, Kakamega hadi Nakuru, ajue kabla hajatia saini kitu.

Yetu ni ile ndogo ya 60 MHz (masafa inayopimia haidrojeni), sumaku ya kudumu ya kama tesla 1.4, haitaki heliamu wala naitrojeni ya maji ya kupoozea, na hapo ndio imetusaidia maana heliamu huku utaitoa wapi na kwa pesa ya nani. Tyubu ni zile za kawaida za milimita 5. Kwa vitu tunavyotengeneza wenyewe, aspirini, esta na kadhalika, wanafunzi wanaona vilele safi kabisa kwenye grafu, yaani ishara za haidrojeni za molekuli. Kwa dondoo za mimea ya msitu wa Kakamega usitarajie makubwa, vilele vinabanana mno kwa 60 MHz.

Sasa shida. Asubuhi inafanya kazi vizuri, ikifika saa nane mchana loki (ile inayofuata uga wa sumaku usihame) inapotea, vilele vinalala chini vinakuwa vipana kama vichuguu, unashimu wee (kusawazisha uga wa sumaku) haisaidii, halafu usiku inarudi yenyewe. Kesho yake siku nzima hakuna neno. Waliotuuzia jibu lao lilikuwa lilelile, zima, washa, shimu tena, na mwishowe wakasema sumaku imechoka irudishwe ng'ambo kwa gharama yetu. Nilikataa, kwa sababu sumaku iliyochoka haiponi ikifika usiku.

Tukachukua tyubu moja ya kloroform iliyofungwa kabisa, tukaiacha ndani na kuiambia mashine ijipime yenyewe kila baada ya dakika kumi, usiku na mchana, mtu asiguse. Sampuli isibadilike, hilo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu tyubu iliyojazwa kidogo au yenye mapovu inaharibu shimu na utalaumu mashine bure. Kando tukaweka daftari: stima imepepesa saa ngapi, AC imezimwa, nani amefungua dirisha la upande wa ziwa, nani amewasha kitu gani kwenye hiyo meza. Kila kitu, hata kama kinaonekana cha kijinga.

Halafu nikapata faili ya logi ya joto la sumaku, ambayo hakuna siku walituambia ipo. Hapo ndio mambo yakafunguka. Sumaku za neodimiamu hupoteza karibu asilimia 0.1 ya nguvu kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka, na kwa 60 MHz hiyo ni karibu 60 kHz, kwa hivyo hata sehemu moja ya elfu ya digrii ni kama 60 Hz, yaani ppm nzima (sehemu moja ya milioni, kipimo cha mahali kilele kilipo kwenye grafu). Ndio maana ndani kuna hita inayoshikilia joto lisiyumbe. Kwenye grafu unaona kabisa mahali hita imekosa stima asubuhi kwa muda mfupi, joto likaanza kushuka taratibu, sumaku ni nzito haina haraka, na loki inakuja kushindwa masaa baadaye wakati kila mtu ameshasahau kilichotokea asubuhi. Tukilinganisha na daftari, kila hiyo asubuhi kulikuwa na mtu ametumia sentrifuji (mashine ya kuzungusha sampuli kwa kasi) kwenye meza hiyohiyo. Siku ambazo sentrifuji haikuguswa, loki haikupotea.

Tukaita fundi wa stima kutoka Kondele, kijana mtulivu sana. Hakufungua mashine hata. Akapima soketi kwa multimita, akasoma 240 sawasawa, kisha akaniambia, "Mwalimu, angalia hiyo taa ya adapta usiiache macho," akawasha sentrifuji. Meza ikatetemeka, taa ya adapta ya hita ikazimika, ikarudi, ikazimika. Alipofungua soketi, bati linaloshika pini lilikuwa limeungua jeusi na limelegea. Kitu cha pesa kidogo, na watu walitaka tusafirishe sumaku ng'ambo!

Akabadilisha soketi, sentrifuji ikahamishwa, na mashine tukaiweka kwenye UPS (betri ya akiba) ya aina ya online, inayolisha mashine bila kukatika hata stima ikipepesa. Baada ya hapo kukatokea vilele viwili vidogo, kimoja kila upande wa kilele cha kloroform, vimelingana, wanafunzi wakasema ni uchafu. Mimi nikapima umbali, 0.83 ppm kila upande, na kwa 60 MHz hiyo ni 50 Hz, masafa ya stima yenyewe hayo. Vile vidogo vya kawaida vya kloroform, vinavyotokana na kaboni 13 (kaboni nzito kidogo, iliyo adimu), hukaa mbali zaidi, kama 1.74 ppm kila upande, kwa hivyo hivi si vile. Kumbe ekstensheni ya kutoka UPS haikuwa na waya wa kwenda ardhini. Ilipobadilishwa vikatoweka.

Mashine naipa nyota nne, fundi tano, waliotuuzia mbili na hizo ni kwa sababu hujibu barua haraka. Ukinunua, wadai wakuonyeshe ilipo hiyo logi ya joto siku hiyohiyo ya kufungiwa mashine, na iandikwe kwenye mkataba nani analipa usafiri wakisema sumaku ni mbovu halafu ikutwe nzima.