Siku Moja kwa Bibi Nje ya Wete: Uzoefu Wangu

Naipa ziara hii nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima nitaieleza.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kutoka Nakuru. Oktoba iliyopita tulivuka walimu kumi na wawili kwenda Pemba, ziara ya kubadilishana utamaduni ya siku tano. Semina na matembezi yalikuwa ya kawaida, sina la kulalamika wala la kusifu. Naandika kwa sababu ya siku ya nne, tulipogawiwa wawili wawili kwa familia za wenyeji vijijini nje ya Wete.

Nilianza kwa kuboronga. "Hodi! Shikamoo, nyanya," nikasema mlangoni, kama tunavyowaamkia bibi zetu Kenya. Kabla ya marahaba kutoka, kijukuu kimoja kikaangua kicheko: "Bibi kaitwa tungule!" Tungule ndiyo nyanya ya kupikia kwa Wapemba. Lahaja nafundisha darasani mwaka wa kumi na moja huu, na hilo halikunijia kichwani. Bibi mwenyewe alicheka mpaka mtandio ukamteleza.

Mwenzangu alikuwa amevaa suruali ya kubana, maana waandaaji hawakutuambia lolote kuhusu mavazi. Mkwe wa Bibi aliingia ndani, akatoka na kanga, akamfunga kiunoni bila kusema neno. Ukienda, beba leso zako (ndizo kanga) na mtandio.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Tukakaa kwenye jamvi, tukafundishwa kuchambua: unashika shada, unalisugua kiganjani, karafuu zinaangukia huku na makonyo, yaani vijiti vya shada, kule. Makonyo hayatupwi, hupelekwa kiwandani kukamuliwa mafuta. Bibi alifanya kazi hiyo bila hata kutazama mikono yake. Mimi nilikuwa navunja vichwa.

"Taratibu, mwanangu. Kichwa kikitoka, na bei yatoka."

Kwenye basi tulikuwa tumehadithiwa jinsi kimbunga cha 1872 kilivyoangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikanusurika na kuibeba biashara. Bibi hakuwa na habari na kimbunga. Yake ilikuwa moja: "Nyie Wakenya ndio mnaotutoroshea karafuu zetu." Ulikuwa utani, lakini utani wenye mizizi. Kisheria karafuu huuzwa kwa ZSTC, shirika la serikali, na magendo ya kuvusha kwenda kwetu si siri ya mtu.

Saa sita hivi wingu likatanda. Karafuu za juzi zilikuwa zimeanikwa uani juu ya jamvi, zimeshaanza kugeuka kahawia, na zikilowa hapo huota ukungu. Wakati huohuo mratibu wetu akafika mbio: ngoma imeandaliwa shuleni, wageni wote waje sasa hivi, ratiba ni ratiba. Mwenzangu akaenda. Mimi nilikuwa nimeshashika ncha ya jamvi, Bibi ncha ya pili, mkwe wake na watoto wakashika zilizobaki. Tulilikokota mpaka ndani, matone ya kwanza yakitupata mgongoni. Mratibu alinuna hadi jioni.

Hiyo ndiyo nyota niliyoinyima. Unamleta mtu kote huko aishi na familia, halafu saa ambayo familia inamhitaji unamwita akatazame ngoma iliyokodiwa!

Chakula kiliiva saa tisa: wali wa nazi, pweza wa mchuzi na bakuli la pilipili. Tulikula wanawake pamoja kwenye sinia moja, na kila nilipopunguza mwendo Bibi alinisukumia kipande kingine cha pweza upande wangu. Saa kumi na moja basi likapiga honi. Ningelipia zaidi kulala hapo usiku mmoja, lakini kwenye ratiba yao hakuna. Pia niliuliza familia inapata kiasi gani katika pesa tulizotoa, nikajibiwa kwa tabasamu. Kwa hiyo nawashauri: nendeni na mchele na sukari, mkabidhi wenyewe mkononi.

Kesho yake bandarini Mkoani, askari alipekua begi langu kwa makini kuliko ya wenzangu. Hakukuta kitu. Aliponirudishia pasipoti akasita, akainusa, akanitazama.

"Ulikuwa wachambua kwa nani, mwalimu?"